Faili la skripti lisomwe kwanza
Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kwa barua pepe iliyobeba faili lililojifanya barua ya mapenzi: jina lilionekana kuishia TXT, kumbe nyuma yake kulikuwa na kiambishi cha skripti, vbs, ambacho Windows hukificha isipoambiwa vinginevyo. Aliyelibofya mara mbili alidhani anasoma, kumbe anaendesha programu. Ndiyo maana nashikilia kwamba mafaili ya skripti ya vbs na js yafungukie Notepad, yaonekane maandishi matupu. Microsoft wenyewe walikubali hoja hii walipotoa PowerShell, chombo chao cha skripti, mwaka 2006: faili lake la ps1 likibofywa mara mbili hufunguka lisomwe, haliendeshwi. Mafundi watalalamika kwamba kazi zao zitakwama. Hazitakwama, fundi anayejua anachokifanya ataliendesha faili lake la vbs au js kwa amri ya cscript. Wengine watasema wahalifu wana njia nyingine, exe zikiwemo. Ni kweli, lakini kuwapo kwa dirisha si sababu ya kumwachia mwizi mlango wazi. Mwombe anayesimamia kompyuta za ofisini kwenu abadilishe mpangilio ili mafaili ya vbs na js yafungukie Notepad. Ni kazi ya dakika chache.