Filamu za wenyeji wa Amerika ya Kilatini: nani ashike kamera?

Mwezi Februari mwaka 2009, filamu ya Peru iitwayo La teta asustada ilitunukiwa Dubu wa Dhahabu, tuzo ya juu kabisa ya tamasha la filamu la Berlin. Mwigizaji wake mkuu, Magaly Solier, alisimama jukwaani akaimba kwa Kiquechua, lugha ya wenyeji wa milima ya Andes.

Hilo halikuwa jambo la burudani tu. Filamu hiyo inahusu makovu ya vita vya ndani vilivyoikumba Peru kati ya mwaka 1980 na 2000. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilikadiria mwaka 2003 kwamba watu zaidi ya 69,000 waliuawa au kutoweka, na robo tatu yao walikuwa wasemaji wa Kiquechua au lugha nyingine za wenyeji.

Miaka sita baadaye, huko huko Berlin, Jayro Bustamante wa Guatemala alipata Dubu wa Fedha kwa filamu ya Ixcanul, iliyoigizwa kwa Kikaqchikel, mojawapo ya lugha za Wamaya. Humo tunamwona msichana mjamzito anayefikishwa hospitalini mjini bila ya kujua Kihispania. Anayewatafsiria yeye na wazazi wake anapotosha maneno, na mtoto anapotea. Kwa mtu wa namna hiyo, lugha ni suala la haki kabla ya kuwa suala la utamaduni.

Hata hivyo, tuzo haimalizi hoja. Claudia Llosa, aliyeongoza filamu ya mwaka 2009, ni mzaliwa wa Lima, na wapo Waperu waliomlaumu kwa kuwaonyesha watu wa Andes kama viumbe wa ajabu. Lawama hiyo haifuti thamani ya kazi yake, lakini inazusha swali: wenyeji wenyewe watashika kamera lini?

Jibu moja lilitoka Puno, kusini mwa Peru. Óscar Catacora, kijana wa Kiaymara, alitengeneza Wiñaypacha kwa lugha yake tangu mwanzo hadi mwisho, na babu yake akiwa miongoni mwa waigizaji wawili wa filamu hiyo. Fedha zilitokana na shindano la Wizara ya Utamaduni lililotengewa mikoa iliyo nje ya mji mkuu. Catacora alifariki dunia mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 34, lakini njia aliyoionyesha ingalipo: tamasha hutoa sifa, ilhali mfuko wa umma ndio unaomwezesha mtu wa kijijini kuanza kazi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna la kujifunza. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilipoonyeshwa Toronto mwaka 2021, wengi tulio ughaibuni tulifurahi kusikia Kiswahili huko. Furaha hiyo ni halali. Lakini tukumbuke kwamba Kiswahili, kilicho kinyonge mbele ya Kiingereza, ni lugha ya wakubwa mbele ya lugha ya Wahadzabe au ya Waogiek. Tunaodai kusikilizwa Berlin na Toronto, hatuna budi kujiuliza ni nani tunaowasikiliza nyumbani.