Je, Mungu Alikula Samaki?

Waliokulia Dar wanaikumbuka mihadhara ya dini ya miaka ya 1980 na 1990: vipaza sauti, Biblia na Kurani mezani, umati umesimama juani. Swali moja halikukosa. Huyo mnayemwita Mungu, alikula? Alilala?

Si swali la kihuni hata kidogo. Sura ya Al-Maida, aya ya 75, inataja kwamba Masihi na mama yake walikuwa wakila chakula. Kwa Mwislamu, hoja imeisha hapo.

Kinachonishangaza ni majibu yetu Wakristo. Tunajiumauma, kisha tunakimbilia miujiza: mbona alitembea juu ya maji, mbona alimfufua Lazaro! Kana kwamba kula ni aibu ya kufichwa. Jibu letu lilitakiwa liwe fupi tu: ndiyo, alikula. Alichoka akaketi kisimani Samaria, akaomba maji. Alilala chomboni dhoruba ikivuma. Hata baada ya kufufuka, Luka anasimulia kuwa aliwaomba wanafunzi chakula, wakampa kipande cha samaki, akala wakimwona.

Watu wa mwanzo walilijua hili. Wakati ule walikuwapo waliofundisha kwamba Yesu alionekana tu kama ana mwili, kivuli fulani hivi, maana Mungu atajichafuaje na jasho na damu? Askofu Ignasi wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2, akipelekwa Roma kuuawa, aliwapinga katika barua zake: alizaliwa kweli, alikula na kunywa kweli, aliteswa kweli. Mwaka 451 Mtaguso wa Kalsedonia ukatamka kwamba ni Mungu kweli na mtu kweli. (Makanisa ya Misri na Ethiopia hayakuyakubali maneno ya mtaguso ule, lakini si kwa sababu yaliukana ubinadamu wake.)

Mimi naona watu wa kivuli hawajaisha, jamani. Tunao. Wanahubiri kwamba mwili ni gamba tu, roho ndiyo mali. Wengine wanafika mbali zaidi, wanawaambia wenye virusi vya ukimwi waache dawa, eti kumeza vidonge ni upungufu wa imani. Na watu wanaacha. Wanakonda, wanarudi hospitali wakiwa wamechelewa, na ibada inaendelea kama kawaida, sadaka inapita.

Hapo ndipo uvumilivu unaniishia. Unasimama madhabahuni, unatangaza kwamba Mungu aliutwaa mwili huu huu unaoumwa na njaa na kiu, halafu unauambia mwili wa mama wa watu hauhitaji tiba? Mhubiri wa namna hiyo ningependa kwanza alijibu lile swali la mihadhara. Alikula, au hakula?