Dawa isiyo na jina isiingie nyumbani mwetu

Hapa Majengo unaweza kununua vidonge viwili vya maumivu karibu kila kona, bila kuuliza na bila kuulizwa. Muuzaji anachukua makasi, anakata plakete, anafunga vidonge katika kipande cha karatasi na kusema: "Mbili asubuhi, mbili magaribi." Ukifika nyumbani na kugeuza kile kipande, unakuta jina limekatwa katikati. Miligramu na tarehe ya kuisha vimebaki dukani.

Maoni yangu ni haya: kununua vidonge viwili si kosa. Kosa ni kuuziwa vidonge viwili visivyo na jina.

Nasema hivyo kwa sababu najua wanunuzi ni nani. Kambi za Bulengo na Lushagala zilipovunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025, familia nyingi zilipoteza pamoja nazo vituo vya matibabu ya bure. Wengine walirudi vijijini, wengine wakabaki mjini, chumba kimoja watu wanane au kumi, katika nyumba za ndugu na marafiki. Na sisi wenyeji tunaowapokea hatuko mbali nao: benki zilifungwa, kazi zimepungua. Mtu wa namna hiyo akiumwa kichwa au mgongo kwa kubeba mizigo, ukimwambia "nunua sanduku zima" au "nenda kwanza kwa muganga", umempa shauri la mtu mwenye pesa. Atanunua viwili, kwa sababu pesa yake ni ya viwili. Basi hivyo viwili viwe na jina.

Kwa nini jina lina uzito hivi? Kwa sababu dawa moja inavaa nguo nyingi. Parasetamoli inauzwa kwa jina lake na pia kwa majina mengi ya viwanda, kwa rangi na maumbo mbalimbali. Imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua, na ndani ya vidonge vinavyochanganya dawa mbili au tatu pamoja. Chukua mfano wa mama mwenye kichwa na mafua. Asubuhi anameza viwili vyeupe vya dukani. Mchana jirani anamgawia viwili vya mafua. Magaribi haoni nafuu, anatuma mtoto duka lingine, analetewa viwili vya rangi. Yeye anafikiri amejaribu dawa tatu. Huenda ni dawa moja aliyoimeza mara tatu.

Mtu mzima mwenye afya anaweza kumeza kidonge 1 au 2 vya parasetamoli ya miligramu 500, kisha angoje saa 6 kabla ya kurudia. Kwa siku nzima, usiku na mchana, asipite vidonge 8. Huo ni mwisho wa njia, wala si lazima kuufikia. Na kuna watu ambao mwisho wao uko karibu zaidi: mwenye uzito chini ya kilo 50, aliyekaa na njaa siku nyingi, mwenye ugonjwa wa maini, na anayekunywa kasiksi au lutuku kila siku. Hao wachukue kidonge 1 kwa mara moja, wasipite 4 kwa siku, na wakiweza waulize muganga kwanza. Tukumbuke kwamba katika familia zilizokimbia vita, njaa ya siku nyingi si jambo la nadra.

Ubaya wa kuzidisha parasetamoli ni kwamba haupigi kelele. Siku ya kwanza mtu anaweza kusikia kichefuchefu tu, au asisikie kitu. Maini yanaharibika kimyakimya, na macho yakianza kuwa manjano siku ya pili au ya tatu, mambo yamekwisha kuwa mazito. Dawa ya kuzuia sumu hiyo ipo, na inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 za kwanza. Kwa hiyo mtu aliyemeza vingi, kwa bahati mbaya au kwa huzuni, apelekwe hospitali saa ileile, hata kama anatembea na kucheka. Chukueni na plakete yake. Na tusimfokee.

Ndugu wa pili ni ibiprofeni, na jamaa zake diklofenaki na aspirini. Hizi hazifanani na parasetamoli ndani ya mwili. Zinakwaruza tumbo na zinabana figo. Zisimezwe tumbo likiwa tupu. Bila muganga, mtu mzima asipite kidonge 1 cha ibiprofeni cha 400 mara 3 kwa siku, na siku chache tu. Zisitumiwe pamoja, mbili za jamaa hiyo kwa mpigo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayoamka akizimeza, aziache. Mama mwenye mimba asizimeze bila ruhusa ya muganga, hasa mimba ikipita miezi mitano. Parasetamoli ndiyo inayomfaa zaidi, kwa kipimo na kwa siku chache.

Na sisi wa Goma tunaijua kolera. Mtu anayehara na kutapika amepungukiwa maji, figo zake ziko hatarini. Kumpa ibiprofeni au diklofenaki kwa sababu analalamika tumbo ni kumwongezea mzigo. Huyo anahitaji maji yenye chumvi za kunywa na safari ya haraka kwenye kituo cha afya.

Sasa watoto. Hapa ndipo karatasi isiyo na jina inanitia hofu zaidi. Kipimo cha mtoto kinafuata kilo zake. Mwenye kilo 10 anapata robo ya kidonge cha parasetamoli cha 500. Mwenye kilo 20 anapata nusu. Saa 6 zipite kabla ya kurudia, na isizidi mara 4 kwa siku. Lakini kama hujui kidonge ni cha miligramu ngapi, utakata robo ya nini? Aspirini asipewe mtoto wala kijana aliye chini ya miaka 16, mpaka muganga aseme, kwa sababu inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ubongo na maini. Kitoto cha chini ya miezi 3 chenye homa kisipewe dawa ya nyumbani: kipelekwe kituoni mara moja.

Tena, homa ikishuka haina maana ugonjwa umeondoka. Parasetamoli inatuliza joto lakini haigusi malaria. Mtoto akicheza baada ya kidonge, wazazi wanapumua, siku mbili zinapita, na malaria inaendelea kupanda. Mtoto mwenye homa apimwe damu siku ileile au kesho yake. Akianza kutetemeka mwili mzima, kukataa kunyonya, au kulala bila kuamka vizuri, msingoje asubuhi.

Wako wanaosema dawa ya shida hii ni kufunga vibanda vyote na kufukuza wanaotembeza dawa. Nawaelewa. Dawa ni kazi ya mtu aliyeisomea, na anayeuza zilizoisha muda asivumiliwe. Lakini ukifunga kibanda leo bila kuweka kitu mahali pake, mama wa saa tatu usiku atanunua gizani, kwa mtu asiyemjua, na hapo hata la kuuliza hatakuwa nalo.

Mimi naomba jambo dogo ambalo linaweza kuanza kesho. Muuzaji aandike juu ya karatasi mambo manne: jina la dawa, miligramu, vidonge vingapi kwa saa ngapi, na tarehe ya kuisha. Asiyejua kusoma achorewe: jua kwa asubuhi, mwezi kwa usiku, na mistari kwa idadi ya vidonge. Kalamu ya biki inatosha. Na akikata plakete, akate upande usio na jina.

Waganga wa zone ya afya ya Karisimbi na wahamasishaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kuwafundisha wauzaji hilo kwa mchana mmoja. Wakubwa wa nyumba kumi wanawajua wauzaji wote wa njia yao. Makanisa na misikiti yana matangazo kila juma, na redio zetu zina masikio ya wengi.

Lakini nguvu ya kwanza iko kwetu wanunuzi. Mama, baba, kijana uliyetumwa dukani: kabla ya kutoa pesa, uliza, "Hii inaitwaje? Ni miligramu ngapi? Inaisha lini?" Muuzaji akishindwa kujibu, rudisha vidonge vyake, uende kwa mwingine. Wakiona watu watatu wanne wamegeuka na pesa zao, kalamu zitapatikana.