Usukani Ukigoma Kutoka



Mwezi huu hatutazungumzia surua wala uji wa lishe. Tutazungumzia usukani wa gari. Tunajua baadhi yenu mko tayari kufunua ukurasa mwingine mkisema, "Hayo ni mambo ya akina baba." Ngojeni kidogo. Sisi nasi tulisema hivyo hivyo, mpaka jioni ile tuliposimama uani kwetu hapa Mhunze tukiwa na jino la kijana wa jirani kiganjani.

Mambo yalianza kidogo tu. Pikapu yetu kuukuu iliacha kupiga honi. Anayeijua Mhunze siku ya gulio anajua kwamba bila honi huwezi kwenda popote: baiskeli, bodaboda, ng'ombe na watoto wote wako barabarani. Waya wa honi umejificha chini ya usukani, kwa hiyo baba watoto akaamua kuutoa usukani mwenyewe Jumamosi jioni. Alitaka gari liwe tayari Jumatatu, kwa sababu akina mama wa kikundi chetu cha kanisa walikuwa wasafiri nalo kwenda Shinyanga mjini kumwangalia mwenzetu aliyelazwa.

Alifungua nati ya katikati, akaitoa yote na kuiweka kando. Usukani haukutikisika. Akamwita kijana wa jirani, akamketisha kwenye kiti cha dereva, avute kwa mikono miwili huku yeye akipiga ncha ya shafti kwa nyundo. Pigo la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu usukani ulichomoka ghafla na kumpiga yule mtoto wa watu mdomoni. Damu, kelele, na jino la mbele chini kwenye vumbi.

Tuliliosha jino, tukalitia kwenye kikombe cha maziwa, tukampandisha kijana kwenye bodaboda, maana gari letu wenyewe halikuwa na usukani. Daktari wa meno alilirudisha, lakini tulikuwa tumechelewa njiani na halikushika. Mama yake kijana hakutulaumu hata kwa neno moja, na hilo lilituuma zaidi.

KWA NINI HUNG'ANG'ANIA

Baadaye alikuja mzee mmoja fundi, mtu mpole mwenye mikono myeusi ya grisi, akatueleza kama anavyofundisha watoto. Kile kipande cha chuma katikati ya usukani mafundi hukiita habu, ndicho kitovu chake. Ndani kina meno madogo yanayokamatana na meno ya shafti. Kwenye magari mengi ncha ya shafti ni nyembamba kuelekea juu, kama kizibo cha chupa, na nati inapokazwa habu huzidi kubana. Miaka ikipita, vumbi letu la Shinyanga huingia, unyevu wa masika huingia, kutu hujaa katikati ya meno, na chuma viwili vinakuwa kama kimoja.

"Mayu," akasema, "hapa nguvu si kitu. Hapa ni kuvuta kwa utaratibu."

Sisi tulio wauguzi tulimwelewa upesi. Kondo la nyuma likichelewa, mkunga mwenye akili havuti kitovu kwa nguvu. Anayevuta kwa hasira humwaga damu ya mzazi. Kilichokwama kina njia yake ya kutoka, na kazi yetu ni kuifuata njia hiyo.

JINSI INAVYOTAKIWA

Hatuandiki haya ili kila mama akamate spana. Tunaandika ili mama anayesimama karibu ajue kama kazi inakwenda sawa.

Kwanza, magurudumu ya mbele yaelekezwe mbele sawasawa, na waya wa hasi wa betri ufunguliwe.

Pili, kifuniko cha honi kitolewe, na nati ilegezwe kwa spana ya boksi. Mtu mwingine aushike usukani usizunguke. Usitegemee kufuli la usukani likushikie, kwa maana linaweza kuvunjika.

Tatu, na hili ndilo lingeliokoa jino la kijana wetu: nati isitolewe yote. Ilegezwe mpaka ifike karibu na ncha ya shafti, iachwe hapo. Usukani ukichomoka ghafla, nati itaudaka.

Nne, iwekwe alama ya rangi kwenye shafti na kwenye habu, ili wakati wa kurudisha meno yakae pale pale. Jino moja likiruka, usukani utakaa upande wakati gari linakwenda mbele.

Tano, mafuta ya kulegeza kutu yatiwe kidogo kidogo kwenye kiungo na kuachwa yanywe, hata usiku kucha. Moto usisogezwe karibu.

Sita, kitumike kifaa cha kuvutia, ambacho mafundi wetu hukiita pula. Ni kipande cha chuma chenye bolti mbili za pembeni zinazoingia kwenye matundu mawili ya habu, na bolti moja kubwa ya katikati inayosukuma shafti. Bolti za pembeni ziwe za uzi unaolingana na matundu, na zisiingizwe kupita kiasi zikaharibu vilivyo nyuma. Halafu bolti ya katikati hukazwa robo mzunguko, husubiriwa, hukazwa tena. Ukisikia "pa!" usishtuke, ndiyo habu imeachia.

Mzee yule alifanya kazi hiyo mbele yetu kwa muda wa kuchemsha chai. Hakutoa jasho.

NYUNDO ILIVYOTUGHARIMU

Mtauliza alikuwa anautoa tena usukani wa nini, wakati ulikuwa umeshatoka. Ni hivi. Jumapili jioni baba watoto aliurudisha. Nyundo ilikuwa imeiponda ncha ya shafti, nati ikakataa kuingia. Akailazimisha uzi mbili tatu, akasema, "Itashika. Ni mwendo mfupi tu."

Wapendwa, usiku ule hatukulala. Tulifikiria akina mama wanane nyuma ya pikapu, wengine na watoto mgongoni, kwenye barabara ya Kolandoto, na usukani umeshikwa na nati isiyofika mwisho. Asubuhi tulimwandalia chai, tukakaa naye, tukamwambia kwa heshima: "Baba, gari ni lako na hatulipingi. Lakini wale akina mama tumewaita sisi. Hakuna atakayepanda mpaka fundi aione hiyo nati." Alinyamaza. Akatoka bila kumaliza chai. Tulidhani amekasirika, kumbe amekwenda kumwita yule mzee.

Na mzee hakuishia kwenye nati. Aliushika usukani, akautikisa juu na chini, akasikia unacheza. Hapo tulijifunza jambo ambalo hatukulijua kamwe. Zamani shafti ya usukani ilikuwa mti mmoja wa chuma kutoka mbele ya gari mpaka kifuani mwa dereva. Gari likigonga, ule mti ulirudi nyuma na kumchoma kifua. Ndipo kampuni ya General Motors ya Marekani ikaanza kuweka katika magari yake ya mwaka 1967 shafti inayoweza kujikunja, na mwaka 1968 sheria za nchi ile zikadai kinga ya namna hiyo kwenye magari madogo mapya. Leo karibu magari yote madogo yanayo. Kwa mifano mingi ni mabomba mawili, moja ndani ya jingine, yakishikiliwa na vipini laini, aghalabu vya plastiki, vinavyokubali kukatika siku ya ajali ili mabomba yaingiane badala ya kumchoma mtu.

Sasa fikirini: ukipiga ncha ya shafti kwa nyundo, unavikata vile vipini leo, uani, kabla ya ajali. Gari litatembea, lakini usukani utalegea na kinga ya kifua cha dereva itakuwa imepungua. Ndiyo maana mafundi wazuri hawapigi nyundo shafti ya usukani.

Yetu ilikuwa imekatika. Ikabidi itafutwe nyingine, na fedha zilizokuwa za ada ya muhula zikaenda huko. Hata usukani uliokuwa umerudishwa kwa nguvu ilibidi utolewe tena, safari hii kwa pula.

MAGARI YENYE MFUKO WA HEWA

Pikapu yetu ni ya zamani, haina mfuko wa hewa. Mengi ya siku hizi yanao, na utaona herufi SRS kwenye kifuniko cha usukani. Humo ndani mna baruti ya kuupuliza mfuko kwa kufumba na kufumbua. Gari la namna hiyo lisifunguliwe nyumbani. Hata fundi hufungua betri kwanza, kisha husubiri muda ulioandikwa na mtengenezaji, ndipo aguse. Moto na nyundo havikaribii kabisa.

Tena, magari mengi tunayonunua yametumika Japani. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata iliwekwa kwenye mamilioni ya magari, na watengenezaji wakalazimika kuyaita yarudishwe, kwa sababu kifaa cha kupulizia kiliweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu wa miaka mingi huongeza hatari hiyo. Mnaponunua gari, ulizeni kwa wakala wa aina hiyo kama namba ya gari lenu imo.

AJALI IKITOKEA

Jino la ukubwani likitoka zima, lishikwe kwa upande wa kutafunia, si kwenye mzizi. Lioshwe kwa haraka bila kusugua, na mgonjwa akiwa na fahamu zake lirudishwe pale pale mahali pake, akiuma kitambaa safi. Ikishindikana, litiwe kwenye maziwa. Nendeni kwa daktari wa meno upesi. Kila dakika ina thamani, na saa ikipita matumaini hupungua. Jino la utoto lisirudishwe.

Kipande cha chuma kikiruka jichoni, usifikiche na usijaribu kukichomoa. Funika jicho kwa kikombe kidogo safi bila kuligandamiza, mpeleke hospitali.

Dereva aliyegonga kifua kwenye usukani aende hospitali hata kama haoni jeraha. Tumewahi kuwapokea waliosema "ni maumivu tu", kumbe mbavu zimevunjika.

Na mama mjamzito anayeendesha asogeze kiti nyuma, kiasi kwamba kati ya kifua chake na usukani pabaki kama sentimita 25 au zaidi. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga.

NENO LA MWISHO

Usukani unaporudishwa, meno yasafishwe kwa brashi ya waya, alama zikutane, nati ikazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kisha gari lijaribiwe taratibu uwanjani, kukata kulia na kushoto, kabla mtu yeyote hajapanda.

Mama mwenzetu, huhitaji kujua kufungua nati ili uulize maswali matatu: "Pula ipo? Nati imefika mwisho? Umelijaribu gari?" Uliza kwa upole, lakini uliza. Aliye nyuma ya gari na mtoto mgongoni hana usukani mkononi; ana mdomo wake tu.

Kijana wa jirani sasa anacheka akiziba mdomo kwa mkono. Tumemwahidi jino la bandia mavuno ya pamba yakienda vizuri, na baba watoto ndiye aliyetamka ahadi hiyo, mbele ya mama yake. Pula nayo ameinunua. Imening'inia ukutani stoo, na kila anayekuja kuazima huambiwa kwanza habari ya nati.