Kipofu naye ashike telefone yake



Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu kilicho mu mufuko wa kila mutu: telefone. Lakini tuiangalie kwa upande wa mutu asiyeona. Mu kartie zetu za migodi watu wa namna hii hawakosi. Mumoja jiwe liliruka mu jicho ku kazi. Mwingine aliumizwa na cheche za moto wakati wa kuunga vyuma. Mwingine glokoma ilimunyanganya macho polepole, na mwingine alizaliwa vile. Labda ni mutu wa nyumba yako.

Zamani, telefone za butoni hazikuwasumbua sana vipofu. Pitisha kidole juu ya namba 5 ya telefone ya butoni: utasikia alama ndogo iliyoinuka. Kutoka pale kidole kinajua njia: juu ni 2, chini ni 8, kushoto ni 4, kuume ni 6. Kisha zikakuja telefone za kioo. Kioo ni laini kama sahani, hakina alama hata moja. Basi mu jamaa nyingi watu wakaanza kusema: «Papa, hii haiko telefone yako. Leta hapa, nitakufanyia.»

Ndugu zangu, hapa njo kuna matata. Watu wengi wanawaza kama kipofu hawezi kutumia telefone ya kioo. Anaweza, kwa vidole vyake mwenyewe. Na kama sisi tunaishika kila siku kwa nafasi yake, tunamunyanganya kitu kikubwa kupita telefone.

TELEFONE INAYOSEMA

Mwaka 2009 kampuni ya Apple iliweka ndani ya telefone yake ya iPhone programu inayoitwa VoiceOver, yenye kusoma kwa sauti kile kilicho juu ya kioo. Mwaka ule ule Google ilitoa TalkBack kwa telefone za Android. Mumoja wa wale waliofungua njia hii ku Google ni T. V. Raman, enjenieri mwenye kuzaliwa mu India. Yeye mwenyewe ni kipofu. Glokoma ilimaliza macho yake alipokuwa na miaka 14. Pamoja na mwenzake Charles Chen walitengeneza namna ya kupiga namba bila kuona: pahali popote kidole kinapogusa kioo mara ya kwanza, pale panakuwa 5, na namba zingine zinajipanga kando yake. Kama kidole hakiwezi kutafuta 5, basi 5 ije chini ya kidole! Kipofu ndiye aliyetafutia vipofu wenzake njia.

Telefone nyingi mu mikono yetu ni za Android. Hauna lazima ya kununua TalkBack. Mu telefone nyingi imekwisha kuwa ndani. Fungua «Paramètres», kisha «Accessibilité», utaikuta pale. Mu telefone nyingi za sasa unaweza pia kufinya pamoja butoni mbili za sauti, ile ya kupandisha na ile ya kushusha, kwa sekunde 3. Mara ya kwanza telefone itauliza kama unakubali.

Sasa musiogope. TalkBack ikiisha kuwaka, telefone haitii tena namna mulivyozoea. Unagusa, inasema tu, haifungui. Watoto wanalia: «Imeharibika!» Haikuharibika. Imekuwa na desturi mpya. Ni hizi:

1. Kidole kimoja kikitembea polepole juu ya kioo, telefone inataja kila kitu kinachokutana nacho.

2. Ukisikia jina la kitu unachotaka, gonga mara mbili upesi, pahali popote juu ya kioo. Hapo kinafunguka.

3. Ukisukuma kidole upesi kuelekea kuume, unaenda ku kitu kinachofuata. Kuelekea kushoto, unarudia kile cha nyuma. Njia hii ni nzuri kwa mwanzo, kwa maana mutu hapotei: anapita kitu kimoja kimoja, sawa mwenye kuhesabu milango ya avenii.

4. Kwa kupandisha ao kushusha ukurasa, tumia vidole viwili pamoja.

Shauri langu: siku ya kwanza asiandike kitu. Atafute tu saa, na ajue batri imebakia na ngapi. Siku ingine ajifunze kupokea simu na kuikata. Kisha kumupigia mutu mumoja anayemupenda. Kuandika kuje mwisho, kwa sababu ni kugumu zaidi. Na hata pale, butoni ya mikro juu ya klavye inamusaidia kusema maneno, telefone inaandika. Mwanzoni sauti iende polepole. Sikio likizoea, yeye mwenyewe ataomba iongezwe mbio.

Muchunge tena jambo la luga. Sauti ya Kifaransa iko, na ya Kiswahili iko pia, ijapo matamshi yake ni ya Kenya, si ya kwetu. Lakini luga ya sauti na luga ya telefone zipatane. Sauti ya Kiswahili ikisoma maneno ya Kifaransa, hata profesa hatasikia kitu.

SIRI YA MUTU

Sasa nifike ku neno lenyewe. M-Pesa iliingia mu inchi yetu mwaka 2012, na leo makuta ya jamaa nyingi yanapitia mu telefone. Musharaha, feza za masomo, musaada wa mutoto aliye mbali, vyote vinakuja kwa mesaji. Kama mutu haoni, nani anamusomea mesaji ile? Nani anajua kode yake ya siri? Mara nyingi ni mujukuu, ao jirani, ao muuzaji wa unite pale kona. Wengi wao ni watu wazuri. Lakini mesaji ikisema 50 na musomaji akisema 20, kipofu atajulia wapi?

Na siyo makuta tu. Kuna neno la bibi kwa bwana wake. Kuna jibu la munganga juu ya ugonjwa. Kuna mesaji ambayo mutu anataka kumuandikia muchungaji wake, asiyotaka watoto waisome. Mutu mukubwa asiye na siri hata moja anageuka mutoto mu nyumba yake mwenyewe. Anaacha kuuliza, anaacha kujibu, mwishowe ananyamaza ku kiti chake, na sisi tunasema: «Papa amezeeka.» Hapana. Tulimufungia mulango.

Kwa hiyo kode ya siri ikae mu kichwa chake. Wakati wa kuifinya aweke ekuteri mu sikio moja, kwa maana telefone inaweza kutaja namba kwa sauti na mutu wa kando akasikia. Tena menyu ya makuta ile inakatika yenyewe mutu akikawia. Basi ajifunze kwa moyo mupango wake: namba ngapi ni kutuma, namba ngapi ni kutosha, namba ngapi ni kuangalia salio. Akijua mbele, hatasumbuka kusikiliza menyu yote mpaka ikatike.

Tuseme pia kweli: telefone haisomi kila kitu. Programu zingine zina butoni zisizo na jina; TalkBack inasema tu «bouton», na mutu hajui ni ya nini. Picha ya karatasi iliyotumwa kwa WhatsApp, TalkBack peke yake mara nyingi inaipita kimya. Iko programu ya Google inayoitwa Lookout, iliyotoka mwaka 2019: mutu anaweka karatasi mbele ya kamera, nayo inasoma. Inaweza hata kumuambia kama dola aliyo nayo ni ya 5 ao ya 20. Hii ni faida kubwa ku soko zetu zinazolipa kwa dola.

TUFANYE NINI?

Vijana, ninyi munajua telefone kupita sisi. Muwe walimu, lakini kwa mudomo, si kwa mikono. Musikamate kidole cha papa na kukikokota. Semeni: «Shuka kidogo. Sasa kuume. Gonga mara mbili.» Akikosea, mungoje. Na mbele ya kumufundisha, fungeni macho yenu dakika kumi na mutafute namba ya mutu mu telefone yenu na TalkBack. Hapo mutajua uvumilivu ni nini.

Wazazi, musisome mesaji ya kipofu bila kumuuliza. Hata kama telefone inalia pale meza, ni yake.

Waandishi wa kanisa na wakubwa wa kwaya, tangazo la ibada ao la kilio musilitume kwa picha tu. Andikeni maneno yenyewe chini, ao mutume sauti. Ni kazi ya dakika mbili, na mutu asiyeona atajua saa ya maziko pamoja na wengine, si kesho yake.

Wengine watasema hapana. Watapenda kubakia na telefone yao ya butoni, yenye alama yake pale ku 5. Musiwalazimishe. Lakini kwanza waulizeni. Leo mangaribi, mbele ya kulala, kaa karibu na yule mutu wa nyumba yako, umuulize kama anataka kujifunza. Akisema ndiyo, weka telefone mu mukono wake, kisha utoe wako.