Mlezi wa mtoto: tuombe chanjo, lakini tulipe sisi



Mu mkutano wetu wa mwisho wa sendika, tulimaliza habari ya prime na ya bisi, tukafika ku mambo mengine. Mama mmoja, dereva wa benne, akasimama. Akasema: "Miye naanza kazi tena juma yenye kuya. Mutoto iko na miezi mbili. Nilipata binti wa kumulea, nikamuomba karti yake ya chanjo, banacheka parsele muzima. Nilifanya mubaya?" Hata pale mu sale wanaume walicheka. Mkutano ukaisha, bisi ilikuwa inangoja, hakuna mtu aliyemjibu. Nataka nimjibu hapa.

Mama, haukufanya vibaya. Wale waliocheka njo hawajui hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Sheria ya kazi ya Congo inampa mwanamke majuma 14 ya konje ya uzazi, na baada ya kuzaa hayapiti 8. Sasa mtoto anachanjwa kwa kalenda gani? Siku ya kuzaliwa anapata BCG na matone ya polio. Halafu majuma 6, majuma 10, majuma 14. Surua, ile tunaita rougeole, chanjo yake inangoja miezi 9. Mama anarudi mu mine ku juma la 8: mtoto amepata zamu moja tu ya zile tatu. Nani atamupeleka ku sentre ya santé siku ya juma la 10? Ni yule binti. Na kuanzia pale mpaka miezi 9, kama surua inaingia mu nyumba, mtoto hana kitu cha kumkinga isipokuwa ile nguvu kidogo aliyopewa na mama tumboni, na hiyo inapungua kila mwezi. (Sheria inatoa pia nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Kama mine iko kilometa 40 na nyumbani, niambieni nusu saa hiyo ni ya nani.)

Kwa hiyo mtu anayemshika mtoto saa 12 kwa siku, anayemtafunia chakula, anayelala naye mchana, pumzi yake ni pumzi ya mtoto. Kuuliza kama alichanjwa si majivuno ya wazungu.

Najua ninachosema. Mwaka 2019 surua ilipita mu inchi yetu kama moto wa majani. OMS ilihesabu wagonjwa zaidi ya 300,000 na vifo zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Mimi nilikuwa na mtoto wa kiume wa miezi 7. Tulikuwa na binti wa kumlea, wa upande wa bibi yangu, miezi miwili tayari alikuwa kwetu. Hatukumuuliza kitu. Ungeuliza nini? Ni mtoto wa jamaa, anajua kupika, anaogopa Mungu, basi. Siku moja macho yakamuwa mekundu, makamasi, kikohozi. Tukasema ni vumbi. Kisha vipele. Siku 10 hivi baadaye mtoto akashika moto.

Tulilala lopitali usiku 9. Alipona. Ngozi ilipona, lakini sikio la kushoto lilitoa usaha miezi mingi, na mpaka leo ukimwita upande huo hageuki.

Na mimi nilifanya nini? Nilimfukuza yule binti. Hata siku zake alizofanya sikumlipa. Mimi, delege wa wafanyakazi, mtu anayepiga kelele kila mwisho wa mwezi juu ya mishahara ya wengine. Ni infirmiye mmoja aliyenifungua macho. Aliniuliza: huyu binti aliipata wapi? Nikafikiri. Aliipata ku soko, pale tulimtuma sisi kila asubuhi, juu kijijini kwao surua haikuwa imefika. Akauliza tena: alikuwa amechanjwa? Sikujua. Sikuwa nimeuliza. Kijijini kwao sentre yenye frigo ya chanjo iko mwendo wa siku moja. Mshahara wake nilikuja kumtumia kwa mkono wa mjomba wake, nikichelewa, na aibu haijaniisha.

Njo maana nasema: tuombe, lakini tuombe sawasawa. Kuna namna ya kuomba ambayo ni kumlinda mtoto, na kuna namna ambayo ni kumtesa tu maskini mwenzako.

Karti, kwanza. Wabinti wengi hawana. Iliungua, iliraruka, mama yake alikufa nayo. Kukosa karti si kosa, na hakumaanishi hakuchanjwa. Kama hajui, achanjwe surua. Aliyekwisha kuchanjwa zamani akipata tena haimdhuru. Lakini mjue mambo mawili. Sentre za mtaa kwa kawaida zinachanja watoto, kwa mtu mzima mara nyingi itabidi kuuliza ku lopitali kubwa, na pale wanalipisha. Tena chanjo hiyo haipewi mwanamke mwenye mimba. Swali la mimba ni la infirmiye na binti, wawili peke yao. Si lako patroni, wala si la shemeji aliyekaa mlangoni. Na umpeleke mbele ya kuanza kazi, juu mwili unaomba majuma kama mawili kupata nguvu ya kujikinga.

Kifua kikuu ni mambo mengine. Hapa wengi wanajidanganya: wanaona alama ya BCG ku mkono wa binti, wanasema sawa. BCG inamsaidia mtoto mdogo asipate ile TB mbaya ya kichwa na ya mwili mzima. Haizuii mtu mzima kukohoa TB. Kama anakohoa majuma mawili na zaidi, dawa ya swali ni kupimisha makohozi, si sindano. Na akikutwa nayo, matibabu ya TB mu inchi yetu ni ya bure. Akimeza dawa na munganga akisema haambukizi tena, anarudi kazini. Si kumfukuza usiku na mfuko wake.

Kifaduro, kile kikohozi cha kuzimisha pumzi, kinaua watoto wachanga kabisa. Kwa mtu mzima chanjo yake haimo mu programu yetu ya kawaida, kwa hiyo usimuombe binti kitu ambacho wewe mwenyewe hauwezi kukipata. Kinga yake ni kumpeleka mtoto ku zile siku tatu, 6, 10, 14, bila kuruka hata moja.

Na SIDA, hapana! Nimesikia nyumba zinaomba binti apime virusi mbele ya kumpa kazi. Sheria ya 14 Julai 2008 inakataza kumpimisha mtu kwa nguvu juu ya kazi, na virusi hivyo haviambukizi kwa kubeba mtoto mgongoni. Mtu anayeomba hivyo hamlindi mtoto.

Sasa pesa. Binti anapata kidogo kwa mwezi, sisi wote tunajua ni kidogo gani, na wengine wanalipwa chakula na kipande cha kitenge. Halafu unamuambia aende kujilipia taksi, fishi na sindano? Siku mine ilikuchukua, ulijilipia picha ya mapafu na vipimo vya damu? Kama patroni wako angekukata hiyo ku mshahara, ungekuja ofisini kwangu mbio. Mu nyumba yako patroni ni wewe. Msichana wa nyumba naye ni mfanyakazi mbele ya sheria ya kazi. (Na yule wa miaka 12 mnayemuita "mlezi" si mfanyakazi, ni mtoto, yeye apelekwe masomoni.)

Mtaniambia: huyu ni mtoto wa dada yangu, nitamuomba vipi karti kama polisi wa mupaka? Nilisema vilevile mwaka 2019. Surua haiulizi ukoo. Umuambie dada yako wazi: tutakwenda wote ku sentre, binti wako na mtoto wangu, siku moja, nalipa mimi. Dada anayependa mtoto wake hatakasirika na hiyo.

Na sisi wababa tusijifiche nyuma ya binti. Wa chini ya ardhi na wa konkasere tunameza vumbi ya mawe miaka na miaka, na mapafu yaliyolika na vumbi hiyo yanashika TB upesi kuliko ya wengine. Mara ngapi mtu anakohoa miezi mitatu, anasema "ni ya kazi", anabeba mtoto na overoli yake, halafu anamuangalia binti vibaya kwa chafya moja? Nenda upimishe makohozi na wewe. Nguo za kazi zibaki kazini, kama mahali pa kunawia pako. Kama hapako, hiyo mniletee, nitaiandika.

Kuna kitu tutapeleka ku meza ya mazungumzo na kampuni: karti ya lopitali inafunika bibi na watoto, basi ifunike pia chanjo na kipimo cha kifua cha yule anayelea mtoto wa mfanyakazi, walau mara moja mbele ya kuanza. Watasema si mtu wa kampuni. Tutawajibu kwamba mtoto akilazwa, bili ya siku 9 ni ya kampuni, na dereva wa benne hayuko ku benne.

Yule mama amenipigia simu. Binti alichanjwa Ijumaa, shemeji alikopesha pesa ya taksi. Kazi ataanza juma moja nyuma, kwa konje bila mshahara, ili zile siku zitimie. Delege wa posti yake ashughulikie ile karatasi, nimekwisha kuitia sahihi.