Otieno wa 144 na Otieno wa Homa Bay

Aliyepata kucheza kriketi anajua kwamba kazi ya mlinda wiketi haina raha. Huchuchumaa nyuma ya vijiti vitatu na kuinuka kila mpira urushwapo, na mechi ya ova 50 ina mipira 300 kwa kila upande. Akidaka yote hakuna asemaye kitu. Akiangusha mmoja atasimangwa mpaka alasiri. Kisha timu yake ikiingia kupiga, naye huambiwa ashike kibao kama wenzake. Mimi niliifanya kazi hiyo ujanani hapa Mombasa, tena vibaya, na magoti yangu hunikumbusha kila ninapoinuka kutoka sijida.

Ndiyo maana nikiulizwa ni mchezaji gani wa Kenya ninayemhusudu, simtaji Steve Tikolo wala Maurice Odumbe, ingawa wote wawili walikuwa mafundi. Namtaja Kennedy Otieno. Huyu alikuwa mlinda wiketi asiyengoja. Alifungua mchezo na kuwaendea warushaji wakati mpira ungali mpya na mgumu. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1996, kule Visakhapatnam, Bara Hindi, aliwakabili Waaustralia, akina Glenn McGrath na Shane Warne, akapata mbio 85. Tarehe 10 Oktoba 1997, kwenye uwanja wa Nairobi Gymkhana, yeye na Dipak Chudasama waliwapiga Bangladesh mbio 225 kabla ya wiketi ya kwanza kuanguka. Chudasama alitoka na 122, Otieno na 144, na Kenya ikafikisha 347 kwa wiketi tatu tu. Na tukumbuke kwamba miezi michache nyuma, Aprili mwaka huohuo, Bangladesh ndio waliotunyang'anya kombe la ICC kule Kuala Lumpur kwa mpira wa mwisho kabisa. Tarehe 24 Februari 2003, uwanja ni uleule wa Gymkhana, alipata 60 siku tuliyoishinda Sri Lanka, na mdogo wake Collins Obuya akachukua wiketi tano. Ndugu yao mwingine, David, naye mlinda wiketi, alikuwamo katika kikosi hicho.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Zamani niliwahi kufundisha Homa Bay, chini ya kilima cha Asego, na majuzi nimerudi huko kuwaamkia marafiki. Shuleni niliuliza darasa zima: nani anamjua Kennedy Otieno? Mikono ikainuka. Mmoja akamtaja Otieno wa pikipiki, mwingine Otieno wa sokoni, na darasani mlemle walikuwamo akina Otieno watatu, kwa kuwa jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa usiku. Wa 144 hakuna aliyemjua. "Mwalimu, huyo alichezea timu gani?" Nikaeleza. Wakanisikiliza kwa adabu, kama mtu asikilizavyo habari za nchi ya mbali.

Kutoka hapo nilishuka Migori. Jioni moja, kwenye uwanja wa nyasi, palikuwa na kijana golikipa wa kandanda, mwembamba kama fito. Nilikuwa na mpira wa tenisi mfukoni, nikamtupia chini upande wa kushoto, bila kumwonya. Aliudaka kwa mkono mmoja, akanirudishia huku akicheka. Wallahi, mimi katika ujana wangu nisingeugusa.

Akina Odumbe, Otieno na wenzao hawakuujua mchezo huu kwa damu. Wengi wao walikulia Nairobi, jirani na viwanja vya vilabu vya Waasia, wakaanza kwa kuchungulia na kuokota mipira. Kilabu kimojawapo cha zamani huitwa Sir Ali Muslim, na sisi watu wa pwani jina hilo likitajwa hatukosi kumkumbuka Liwali Sir Ali bin Salim. Kisha ikaja ligi ya Jumamosi na Jumapili, ikawapika. Lakini mtoto wa Migori hana kilabu cha kuchungulia. Vipaji vyote vile vilitegemea ajali ya mahali baba alipopata kazi na nyumba.

Wako watakaosema: hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Aasif Karim, aliyewatoa Waaustralia watatu kwa mbio saba tu mwaka 2003, ni mzaliwa wa Mombasa. Tarehe 29 Februari 1996, West Indies waliposhindwa kule Pune, aliyerusha mpira uliomwondoa Brian Lara alikuwa Rajab Ali, na aliyeudaka nyuma ya vijiti ni Tariq Iqbal. Mchezo huu tumeulea. Lakini tumeulea kama mwana wa pekee, ndani, pazia limeshushwa. Uwanja wa Mombasa Sports Club ulichezewa mechi za kimataifa mwaka 2007. Siku hizi napita nje siku za kazi nauona umelala, na watoto wa Majengo wanacheza mpira barabarani baina ya matuktuk. Kama mtoto wa Majengo hapati, wa Migori atapata wapi?

Bangladesh, wale wale waliochapwa 144, waliuachia mchezo uingie vichochoroni, na mwaka 2000 wakapewa daraja la kucheza Test. Sisi mwaka 2014 tulipoteza hata haki ya mechi rasmi za ova 50. Mimi siamini kwamba tulikosa watu.

Vilabu vyetu havihitaji fedha za serikali kwa jambo hili. Vibao vikuukuu vimejaa stoo, pedi zinaliwa na panya, na likizo ya Agosti ni refu. Makocha wawili, basi moja la usiku, mkeka wa kutandika juu ya nyasi. Glavu zangu mimi zimekwisha baki Migori kwa yule golikipa. Zinampwaya kidogo.